Mbwa Aliyechuja Rangi

Mwalimu Demetria hakuwa mtu wa mbwa. Mtu wa mbwa alikuwa mumewe, Revelian, mpima barabara ambaye kazi zilimweka mikoani muda mrefu. Yeye ndiye aliyemleta nyumbani kwao Goba mbwa mdogo wa manyoya meupe, mwenye baka jeusi jichoni, akamwita Chaki kwa kumtania mkewe na kazi yake.

Kila baada ya wiki kadhaa Chaki alipelekwa saluni ya mbwa, upande wa Mbezi Luis, kwa kijana aitwaye Praygod. Huko aliogeshwa, akapunguzwa manyoya na kukatwa kucha. Safari ya mwisho Revelian alimwacha hapo akiwa njiani kwenda Kigoma, na Demetria ndiye aliyekwenda kumchukua. Mbwa alitoka ananukia vizuri, ila hakumchangamkia hata kidogo.

"Amechoka tu, mama," Praygod alisema. "Halafu nakuomba, usimuogeshe nyumbani. Hata akichafuka, nipigie mie nije. Nimempaka dawa ya ngozi."

Demetria akakubali. Wiki zikapita. Mbwa haitiki akiitwa, anasusa chakula, kutwa kalala getini anatazama nje. Demetria akajua anamlilia Revelian, naye akamhurumia.

Kisha mvua zikaanza. Jumamosi moja asubuhi mbwa alitumbukia kwenye mtaro, akarudi mwekundu kwa udongo mpaka masikioni, akapitiliza sebuleni na kujikung'utia kwenye makochi. Demetria akampigia Praygod. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Kimya.

"Basi, leo utaoga kwangu," akamwambia mbwa.

Alikuwa amemuona mumewe akifanya kazi hiyo mara nyingi. Akamchana kwanza kuondoa mafundo, akamziba masikio kwa pamba, akamsimamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu uani. Akampaka sabuni ya mbwa ya mumewe kuanzia shingoni kurudi mkiani. Uso akauacha mwisho, akaupangusa taratibu kwa kitambaa.

Kitambaa kikatoka cheusi.

Akakisuuza, akapangusa tena. Cheusi. Udongo wa Goba ni mwekundu, huu weusi unatoka wapi? Akamgeuza mbwa kwenye mwanga. Lile baka lilikuwa limepauka, limekuwa na rangi ya kutu.

"Mawe!" akapiga ukelele wa kwao Bukoba.

Jirani yake Bahiya, ambaye huwapamba maharusi hina na piko nyeusi, akachungulia juu ya ukuta. "Kuna nini, mwalimu? Kakuuma?"

"Njoo uone, Bahiya. Mbwa anachuja rangi!"

Bahiya akaja, akasimama mbali kidogo na maji. "Hebu panua hayo manyoya. Ehee! Unaona kwenye mashina? Meupe! Hilo si baka, shoga yangu. Hiyo piko. Nywele zimeota upya chini yake."

Demetria akakaa kwenye sakafu iliyolowa. Mbwa aliyekuwa akimlisha, akimbembeleza na kumsimulia habari za Revelian hakuwa mbwa wao. Alikuwa mgeni, na mgeni huyo akamlamba mkono.

Akamfunga taulo hivyo hivyo mbichi, akaita bajaji.

Praygod alipowaona mlangoni, mkasi ulimdondoka. "Mama, umemuogesha."

"Chaki yuko wapi?"

"Draya ya kukaushia manyoya ilimtisha. Akaruka mezani, mlango ulikuwa wazi. Nimemtafuta sana, mama. Nikaogopa."

"Na huyu ni wa nani?"

Praygod akainamisha kichwa. "Wa shangazi yangu, Mbagala. Wanafanana mno. Alimleta kuogeshwa siku ileile. Nilimwambia… nilimwambia amekufa. Kwamba nimeshamzika."

Darasani Demetria alishasikia uongo wa kila namna, lakini huu haukuwa na mahali pa kuushikia.

Waliingia mitaani, yeye na mbwa wake wa taulo, Praygod nyuma. Wakauliza dukani, wakauliza vijiweni, mpaka muuza supu mmoja, Vaileth, akawaonyesha kwa mwiko. "Kale kachafu? Si kako kwa mziba pancha hapo nyuma."

Chini ya lori bovu kulikuwa na kitu kama dekio kuukuu, kimejikunyata. Demetria akainama, akaita. Hakikutikisika. Akampigia Revelian, akaweka sauti kubwa.

"Mwite Chaki."

"Kwani kafanyaje?"

"Revelian, mwite kwanza!"

"Chaki! We Chaki, njoo baba!"

Dekio lile likachomoka chini ya lori, likairukia simu, likabweka huku likitetemeka. Demetria akapiga magoti kwenye grisi, akamkumbatia pamoja na uvundo wake wote. Ndipo alipolia.

Praygod akanyoosha mikono. "Nipe huyo wa shangazi nikamrudishe, mama."

"Peke yako? Hapana. Tunakwenda wote."

Kabla hawajabisha hodi huko Mbagala, mbwa wa taulo alianza kupiga kelele na kukwaruza geti. Mama wa makamo, Auleria, akafungua. Demetria hakuwahi hata kutoa shikamoo. Mama yule alishika kichwa kwa mikono miwili, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Jimi?" Sauti ilikuwa ndogo sana. "Wewe si nilikulilia wewe?"

Mbwa akamrukia kifuani, taulo likaanguka. Auleria akampapasa masikio, shingo, mbavu, kama mtu anayehakikisha havikosekani. Kidole kikafika kwenye lile duara la kutu jichoni, kikasimama.

"Praygod. Umempaka nini mbwa wangu?"

Praygod akapiga magoti getini. Akaanza kueleza habari za draya, akachanganyikiwa. Shangazi yake hakumtazama. Alimtazama Demetria, sketi yake ya grisi, na yule mbwa mwingine mchafu mikononi mwake, akaelewa.

"Pita ndani, mwanangu," akamwambia. "Na huyo wako naye apewe maji."

Demetria akapita. Auleria akafunga geti, na Praygod akabaki nje.