Mjomba Hayumo Katika Orodha

Wajukuu zangu wanaosomea uongozi wa biashara huniuliza kama sisi wa zamani tuliujua utandawazi. Neno hatukuwa nalo. Jambo lenyewe lilitufikia Diani miaka michache baada ya Uhuru, limepigwa taipu, na mimi ndiye niliyewekwa kulieleza. Nikilikumbuka hasira hunipanda upya.

Nilikuwa karani wa hoteli iliyokuwa mali ya kampuni ya Ulaya. Kampuni hiyo ilikuwa na hoteli katika nchi kadhaa, na ili zote ziende kwa mwendo mmoja, kanuni ziliandikwa makao makuu zikasambazwa. Nyingine zilikuwa nzuri, sitaki kuzinyima haki yake. Tulijifunza kuandika mambo ya zamu kwenye daftari, ili anayeingia kazini ajue kilichotokea kabla yake. Nilipenda kuwafundisha wenzangu. Mtu asipoelewa nilirudia, na asipoelewa tena nilimchorea.

Kisha ikaja karatasi ya ruhusa ya msiba. Siku tatu, kwa mfanyakazi aliyefiwa na baba, mama, mume, mke au mtoto. Meneja alitukusanya nyuma ya jiko, nikaisoma kwa Kiswahili mstari kwa mstari.

"Na mjomba je?" akauliza mpishi mmoja, mama mtu mzima wa Msambweni.

Hapa nimweleze taratibu msomaji asiye wa Kwale. Kwetu Wadigo ukoo ulifuata upande wa mama. Mjomba, ndugu wa kiume wa mama yako, ndiye aliyekuoza, akakupa shamba, akakukanya ulipopotoka. Baba alikupenda, lakini wewe ulikuwa mtu wa mjomba wako, na akifariki wewe mpwa ndiye uliyeshika nafasi yake. Dini ilikuwa na mirathi yake na watu walibishana sana juu ya hilo. Lakini matanga ya mtu bila mpwa wake yalikuwa kama harusi bila bwana harusi.

Nilimfikishia meneja swali. Akatabasamu. "Hata mimi nina mjomba. Kila Krismasi hunitumia kadi."

"Amesemaje?" mama akaniuliza.

"Amesema mjomba hayumo."

"Basi aliyeandika hiyo karatasi," akasema, "hakuzaliwa na mwanamke mwenye kaka." Watu wakacheka. Meneja naye akacheka, akidhani tumefurahi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja dobi wetu, mtu wa Mkongani, alinijia na mikono bado ina povu la sabuni. Mjomba wake alikuwa amefariki alfajiri, na angezikwa alasiri. Hakuwa na mpwa mwingine.

"Nisipokwenda, karani, sina pa kurudi," akaniambia. "Na nikienda bila ruhusa, sina kazi. Nina watoto watatu. Niambie nifanye nini."

Nilichukua karatasi, nikaijaza kwa Kiingereza. Penye nafasi ya marehemu nikaandika "baba", na jina la baba yake nikaliweka hapo. Sikumwambia. Hakujua kusoma, na aliniamini. Alibonyeza dole gumba chini nilipomwonyesha, akaondoka mbio. Meneja akatia sahihi, tena akaniomba nimpe pole.

Nilijiona mjanja. Siku ya nne dobi alirudi kazini, mashuka yakafuliwa, nikaona yamekwisha.

Wiki ya pili mlinzi akaniita ofisini kwa meneja. Mzee mmoja alikuwa amesimama pale, kanzu safi, kofia ya kazi ya mkono, kuku wawili wamefungwa miguu mkononi. Nilimjua kabla hajasema: alikuwa dobi mwenyewe, ila kwa mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Mwambie mzungu wenu tumekuja kumshukuru. Ametupa kijana wetu, akamzika mjomba wake, na matanga tumeyaanua salama. Wenzetu wengine hunyimwa. Kuku hawa ni wake. Mimi ndiye baba wa kijana."

Nilifungua mdomo nidanganye tena. Meneja alikuwa anajifunza Kiswahili kwa kijitabu, na neno baba alishalifikia. Alimwona mzee akijigusa kifua kwa mkono, akanitazama, akafungua kabati la chuma, akaitoa karatasi.

Dobi aliitwa. "Nani alifariki?" meneja akauliza, nami nikatafsiri.

"Mjomba wangu."

"Hapa pameandikwa baba."

Dobi alinigeukia. Angeweza kunitaja, na hakunitaja.

"Niliandika mimi," nikasema. "Yeye hakujua."

"Dole gumba ni la nani?"

Nilimweleza meneja yote niliyokueleza wewe, kwa subira, kama nilivyozoea. Nilimweleza mjomba ni nani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, na adabu ile ndiyo iliyonichoma. Kisha akasema, "Nimekuelewa. Lakini kanuni ni moja kwa nchi zote. Nikimkubali mjomba wenu, kila nchi italeta wa kwake." Walete, nikamwambia. Kwani kuna nchi watu hawafi? Akasema hayo si mamlaka yake, wala yangu.

Mzee alikuwa bado amewashika kuku. "Mbona mwagombana? Wasema nini?"

"Mzee, niwie radhi. Karatasi yao inasema wewe umekufa."

"Mimi? Na hawa kuku nimewaletaje?"

Hakuna aliyecheka.

Dobi aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Mimi nilipewa barua ya onyo, kwa sababu karani mwenye Kiingereza hakupatikana kirahisi. Yeye aliyesema kweli alitoka, mimi niliyeandika uongo nikabaki. Nami nikabaki kweli, nisijifanye shujaa. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga.

Niliwasindikiza hadi barabarani. Niliomba msamaha, dobi akasema, "Ulitaka kunisaidia." Akamshika baba yake mkono. "Lakini nisikilize. Kazi nitatafuta nyingine. Jina la baba yangu litoe kwenye maiti."

Nilirudi kwa meneja kumwomba. Akasema faili haifutwi, na kwamba nakala hupelekwa makao makuu kila mwisho wa mwezi. Ya mwezi wa msiba ilikuwa imekwisha kwenda.

Jioni, meneja alipokwenda kuoga baharini, nilifungua kabati, nikaitoa ile karatasi, nikaitia kwenye moto wa mpishi. Mama wa Msambweni aliniona, akaniongezea kuni. Siku ya pili nilikwenda Mkongani kumwambia mzee kwamba ya hapa nimeichoma.

"Na ile ya Ulaya?" akaniuliza.

Nikamwambia ile siwezi kuifikia.