Mlango wa Dereva

Nikimwona mtu wa Kombewa hapa mjini Kisumu huwa navuka barabara, na kama magari yamejaa basi naingia duka lolote lililo wazi najifanya naulizia kitu, juzi niliulizia sidiria na yule dada akaniuliza ya saizi gani. Kwa kuwa wengine wenu mmeshaisikia habari yenyewe kwa watu waliokuwepo, nao wameitia chumvi (eti nilizimia, sikuzimia), afadhali mnisikie mwenyewe niliyeifanya. Nitaona aibu upya, lakini sasa nimeizoea.

Kazi yangu mnaijua, mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nina chumba kimoja ghorofani karibu na stendi, madaktari wananiletea vipimo, mimi nachonga. Siri ya kazi hii ni kwamba jino halitakiwi kuwa safi. Mgonjwa atakuja anataka meno meupe pee, sasa ukimpa hayo kanisa zima litajua ni ya kununua, kwa hiyo unamtilia umanjano kidogo pembeni, doa la chai, ufa mwembamba kama unywele, na hapo hata mkewe anasahau. Nimesifiwa kwa madoa yangu miaka kumi na minane, na sifa hizo ndizo zilizoniharibu.

Omondi ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Mdogo wake, Odhiambo, sisi tulimwita Odhis, alikuwa mwanajeshi, dereva wa kifaru. Mwaka juzi huko mpakani kifaru chao kilikanyaga bomu lililofukiwa ardhini, kikawaka moto, na Odhis hakutoka. Mwenzake mmoja alimtumia Omondi picha ya kifaru hicho kilichoungua. Omondi akaja nayo kwangu, akanionyesha mara moja tu kwenye simu, kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa akalia mpaka plasta niliyokuwa nimekoroga ikagandia kwenye bakuli.

“Mama asijue,” aliniambia. “Mama ameambiwa aliumia kichwa, akapelekwa hosi, akalala, hakuamka. Hiyo ndiyo story, omera. Hakuna ingine.”

Sanduku lilizikwa limefungwa. Mama Omondi hakumwona mwanawe uso, na kwetu huku mama kukosa kuuona uso wa mwanawe ni kitu kizito sana, lakini alivumilia kwa sababu alikuwa na hilo moja la kushika, kwamba mtoto alikufa usingizini. Kila Jumapili alisimama kanisani akashukuru. Nilikuwa nikilijua hilo. Naomba mlikumbuke hilo tunapoendelea, kwamba nilikuwa nikilijua.

Ulipokaribia wakati wa rapar, yaani siku ile ya ukumbusho ambapo watu wanaalikwa nyumbani wanaomba, wanakula na kumsema vizuri marehemu, Omondi akaagiza mtandaoni boksi la kifaru cha plastiki, kile cha kuunganisha mwenyewe, vipande mia tatu na ushee. Yeye ni makanika wa malori, vidole vyake kama ndizi, akaniletea mimi.

“Wewe mikono yako ni ya vitu ndogo. Tengeneza kama ile ya picha ya ukuta,” akasema.

Picha ya ukutani sote tuliijua. Odhis amesimama juu ya kifaru kinachong'aa, ameshika mlango wa dereva ulio wazi, anacheka. Hicho ndicho nilichoombwa, kifaru safi chenye mlango wazi, kikae mezani kando ya kofia yake na shada la maua.

Basi nikaanza, kila Jumapili alasiri, na sitawadanganya, nilifurahi kuliko nilivyostahili. Unakata kipande kwenye fremu, unakipiga msasa, unagusisha gundi kwa ncha ya brashi, kinashika. Halafu nikaanza kuboresha, maana vile vishikio vya plastiki vilikuwa vinene mno, nikavitoa nikaweka waya wa meno. Antena nikatengeneza kwa unywele wa brashi. Kamba ya kuvutia nikasokota kwa uzi wa nyavu niliotoa ufuoni Dunga. Nikapaka rangi ya jeshi. Kikaisha, kizima, si kirefu kuliko nusu mkate, mlango wazi kama nilivyoagizwa. Ningekiweka kwenye boksi siku hiyo leo hii ningekuwa natembea Kisumu kama binadamu.

Lakini nilikitazama nikasema, hiki ni toy. Nitie vumbi kidogo tu, nilisema. Vumbi peke yake likaonekana la uongo, nikaongeza matope kwenye minyororo, matope yakaomba kutu, na kutu unaipata hivi: unanyunyiza chumvi kwenye rangi mbichi, unapaka rangi nyingine juu, unaisugua, pale chumvi ilipotoka panabaki pamebabuka. Na panapobabuka hivyo, jamani, panafanana na kitu nilichokiona kwenye simu ya Omondi. Hapo mkono ukaanza kwenda wenyewe. Nikatwaa taa yangu ya kuyeyushia nta nikapitisha mwali ubavuni, plastiki ikajikunja vizuri sana, nikapaka masizi, nikapaka jivu, na mwisho kabisa nikakumbuka mlango. Kwenye ile picha ya simu mlango wa dereva ulikuwa umefungwa na umepinda. Nikaufunga. Nikaugandisha kwa gundi, nikaupinda kwa koleo.

Je, nilimfikiria Mama? Nilimfikiria, kwa muda wa kuosha brashi moja. Nikajiambia mama mzee atajua nini habari za vifaru, ataona kifaru kichafu basi. Tena nikajiambia Omondi ataona nilivyomheshimu ndugu yake kwa kusema kweli. Upuuzi mtupu. Nilitaka watu waseme “yawa!” wakisogea karibu, kama wanavyosema wakiona meno yangu. Omondi alipopiga simu kuuliza kama kimeisha nikamwambia kiko tayari lakini ni sapraiz, atakiona siku yenyewe.

Siku yenyewe, nyumbani kwao Kombewa, mahema yalijaa. Kulikuwa na kwaya, katekista, wazee mstari wa mbele kwenye viti vya plastiki, na emsii mmoja mwenye suti ya zambarau na spika kubwa zilizokuwa zinasikika, nadhani, mpaka ziwani. Mama Omondi alikaa mbele, leso mpya, miwani, na meno ya juu niliyomtengenezea mwenyewe (yana doa zuri sana la chai). Kifaru kilikuwa mezani chini ya kitambaa cheupe. Baada ya sala Omondi akakifunua.

Watu wa nyuma wakapiga makofi kwa sababu hawakuona. Wa mbele mikono yao ilibaki magotini. Omondi alibaki ameshika kitambaa, akanitazama, na kwa jicho lile nilipaswa kulala chini nijifanye mgonjwa. Lakini emsii alikuwa ameshanifikia na maiki.

“Huyu hapa fundi mwenyewe! Fundi wa meno! Hebu tuambie, fundi, kitu kama hii inatengenezwa aje?”

Sasa hapo kulikuwa na nafasi ya mwisho. Mtu mwenye akili angesema “asanteni, poleni, Mungu awabariki,” akaketi. Mimi nikashika maiki nikaanza na chumvi. Nikaeleza chumvi, nikaeleza taa ya nta, mzee mmoja akasema “yawa!” kweli, na hilo likanimaliza kabisa, nikaendelea, nikasema rangi ya jeshi ikiungua haibaki nyeusi, inageuka jivu, oneni hapa ubavuni. Kwa kona ya jicho nilimwona Omondi anatikisa kichwa polepole. Nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanirudia kutoka kwenye spika za upande wa pili:

“Na huu ni mlango wa dereva, umefungwa na kupinda vilevile kama kwenye picha.”

Mama Omondi akanyanyuka. Alikuja taratibu mpaka mezani, akainama, akasogeza miwani. Aliangalia muda mrefu. Kisha akageuza kichwa kuelekea ukuta wa nyumba, ilipotundikwa ile picha ya Odhis anacheka na mlango wazi, halafu akarudi kwangu.

“Picha gani?”

Aliuliza kwa sauti ya chini, lakini maiki ilikuwa mkononi mwangu kati yetu, kwa hiyo mahema yote yaliuliza pamoja naye. Nikasema ni mambo ya ufundi tu, Mama, ni mfano. Akauliza tena, “Nyathina, mwanangu, picha gani?” Nikasema hakuna picha. Akamgeukia Omondi, na Omondi, makanika wa malori, mtu mzima mwenye mvi, akaufunika uso wake kwa kile kitambaa cheupe.

“Dereva alikuwa Odhiambo,” Mama akasema. Hakuwa anauliza. “Mwaka mzima ninamshukuru Mungu kwa sababu alilala.”

Nikataka kurudi nyuma, nikakanyaga waya, spika zikazimika kwa mlio kama wa ng'ombe, na katika ukimya huo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, wala siwezi kuwaeleza. Wanawake walimpokea. Watu wengine walianza kulia tena kama siku ya mazishi, na katekista akaanzisha wimbo, ukaanguka njiani. Mimi nilitembea kwenda barabarani nikiwa bado nimeshika maiki (hilo ni kweli, mliloambiwa hilo ni kweli), emsii akanifuata akainyofoa mkononi. Nyuma yake akaja mama mmoja wa jikoni na sahani ya samaki na kuon, ugali wetu, imefunikwa, maana mtu haondoki rapar bila kula, hata mtu kama mimi. Akaniwekea mkononi huku akitazama pembeni.

Omondi hajanisemesha tangu siku hiyo. Nilimpigia, nikamwandikia, nikaenda gereji akaingia chini ya lori na hakutoka mpaka nikaondoka. Simlaumu.

Lakini wiki tatu baadaye, asubuhi, nikasikia hatua kwenye ngazi, polepole, moja moja, nikafungua mlango ni Mama Omondi, peke yake, na kitu amekifunga kwenye leso. Nikataka kupiga magoti. Akasema meno yanamkwaruza upande wa kushoto. Nikamkalisha, nikayatoa, nikayapunguza kidogo, nikayaosha, akayajaribu, akasema sasa ni sawa. Ndipo akafungua leso juu ya meza yangu, katikati ya taya za plasta, na ndani yake ni kile kifaru.

“Fungua hii mlango,” akasema.

“Mama, nimeigandisha. Nikiifungua itavunjika.”

“Ivunjike.”

Nikatwaa msumeno wangu mdogo kuliko yote, ule wa kutenganishia meno. Nikakata kuzunguka ukingo, nikaingiza ncha ya kisu, mlango ukaachia, ukaanguka mezani vipande viwili. Sasa kitu msichokijua ni kwamba kifaru cha namna hii tundu la mlango ni dogo mno, hata likiwa wazi hujisumbui na ndani, kwa kuwa nani ataona, na mimi sikuwa nimejisumbua. Nje kulikuwa na moto na masizi na kutu, ndani plastiki tupu ya kijivu, safi, kama ilivyotoka kiwandani.

Mama akavaa miwani, akachungulia kwa jicho moja. Akaingiza kidole chake kidogo, kikaingia ncha tu, akakizungusha humo.

“Hakuna mtu,” akasema.

“Hapana, Mama. Hakuna mtu.”

Akakitoa kidole, akakitazama, hakikuwa na masizi. Akafunga leso yake, akashuka ngazi. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Vile vipande viwili vya mlango aliviacha mezani, viko kwenye droo, siwezi kuvitupa na siwezi kuviangalia.

Boksi lingine la kifaru sitaligusa tena maisha yangu. Na siku hizi mgonjwa akija akasema anataka meno meupe pee, nampa meupe pee, siongezi kitu.