Mshenga Mwenye Bastola ya Mfukoni

Sylveri Niyonkuru alifika Kigoma akiwa na miaka minane, kwa sababu wazazi wake walikuwa wanakimbia bunduki za Burundi. Alikaa kambini miaka kumi na minne, akalelewa kwa mahindi ya njano na semina za amani, halafu watu wema wenye mafaili wakampandisha ndege kwenda Amerika ili akae mbali na bunduki maisha yake yote. Alipofika miaka arobaini, akiwa mkazi wa Shively, shemasi wa kanisa na dereva wa forklift, ile mashine ya kuinua mizigo, kwenye ghala moja la Louisville, Sylveri aliamua kununua bunduki. Ndogo, lakini. Hilo la udogo alilisisitiza sana, kama mtu anayesema amekunywa pombe kidogo.

Sababu alikuwa nayo. Kioo cha gari lake kilivunjwa mara mbili nje ya nyumba. Mara ya kwanza hawakuchukua kitu. Mara ya pili walichukua kitabu cha nyimbo za Kirundi, na mpaka leo hakuna aliyeweza kutueleza sisi waumini wenzake wezi wale walikuwa kwaya gani.

Lakini aliyemtia moto hasa ni Jules, mtu wa Uvira kule Kongo, aliyefanya naye shifti moja. Jules alikuwa mtaalamu wa mambo yote ambayo hajawahi kuyafanya.

"Bon, mukubwa," alimwambia Sylveri wakati wa mapumziko, akitafuna mkate. "Hapa Kentucky mutu anabeba bila karatasi. Hawakuombe leseni, hawakuombe nini. Unaweka mu mufuko, unajiendea. Donc wewe unangojea nini?"

"Nabeba ya namna gani?"

"Ya kidogo. Ile kubwa ni ya bapolisi. Mutu wa heshima anabeba ya kidogo, watu basiione."

Basi mtu wa heshima akaanza masomo. Kwa wiki tatu Sylveri, ambaye hakuwahi kumaliza kusoma hata karatasi ya bima ya gari, alitazama video za wanaume wenye ndevu waliokaribia kulia kwa furaha kwa sababu bastola fulani imepungua unene milimita mbili. Alikata maboksi kwa vipimo vya bastola mbalimbali, akawa anayatia mfukoni na kupita mbele ya mkewe sebuleni.

Mkewe, Angelika, hufanya kazi ya kutunza wazee. Siku nzima huinua watu wazito kuliko yeye, na jioni ile alitaka tu kukaa.

"Inaonekana?" Sylveri akauliza.

"Inaonekana umebeba simu ya zamani."

Akabadilisha boksi. "Na hii?"

"Umebeba mche wa sabuni."

"Na hii je?"

"Hiyo unaonekana unaumwa nyonga. Baba Neema, tukishindwa kukaa bila kuogopa, si tuhame?"

Sylveri alimweleza kwamba yeye haogopi. Anajiandaa tu. Kisha akaenda kuangalia dirishani kama gari lipo.

Jumamosi moja walikwenda wote wawili kwenye duka la silaha, na Sylveri alikuwa amevaa suti. Si kwamba duka lilikuwa na masharti ya mavazi. Mpwa wake Adriano, mtoto wa dada yake, alikuwa amepata mchumba kaskazini kule Tonawanda, jirani na Buffalo, jimbo la New York, binti wa Wanyamulenge wa Kongo, na Sylveri ndiye aliyechaguliwa kuwa mshenga. Suti ilikuwa mpya kwa kazi hiyo. Alitaka bastola iingie kwenye mfuko wa koti lake, kama vile wengine wanavyochagua tai.

Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mpole kuliko wachungaji wengi ninaowafahamu. Alimpangia bastola tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya mtindo wa zamani, yenye silinda inayozunguka na risasi tano tu. Ya pili ilikuwa ya saizi ya kati, nyembamba, ya kuvaa kiunoni. Ya tatu ilitoshea kwenye kiganja kama pakiti ya karata, na macho ya Sylveri yalipoiona hayakurudi tena kwa zile nyingine.

"Watu wengi huja wakitaka iliyo ndogo kabisa," mzee akasema. "Wakishaipiga wanarudi kutafuta kubwa. Ndogo ni rahisi kuibeba, ni ngumu kuitumia. Mkono hauna pa kushika, teke lake ni kali, na springi yake ni ngumu kuvuta. Jaribuni kwanza."

Walijaribu, nyuma ya duka, wakiwa wamefunikwa masikio. Angelika alipewa ile ya kati. Akasimama kama anavyosimama akitaka kumwinua mgonjwa, magoti yamelegea kidogo, akapiga mara tano, na matundu matano yakakaa pamoja kifuani mwa yule mtu wa karatasi. Akairudisha bastola mezani, akajifuta mikono kwenye sketi.

Sylveri alichukua ile ndogo. Kwanza alishindwa kuvuta sehemu yake ya juu ili risasi iingie ndani. Aliivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na mzee akamsaidia kwa adabu, akitazama pembeni. Akapiga. Bastola ikamrukia, ikamchuna ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada. Alipiga sita. Mtu wa karatasi alibaki na afya njema kabisa.

"Nachukua hii," Sylveri akasema, akinyonya damu kidoleni.

"Kwa nini hiyo?" mkewe akauliza.

"Inaingia mfukoni."

Kweli iliingia. Mzee alimwekea kava laini la mfukoni, akamwambia mambo mawili, polepole, kama anayeongea na mtoto anayetumwa dukani: bastola isikae mfukoni bila kava, kwa sababu kava ndilo linalofunika kifyatulio; na mfuko huo usitiwe kitu kingine chochote, iwe funguo, pipi au leso. Sylveri aliitikia kwa moyo wote, jinsi tunavyokubali masharti kwenye simu. Alijaza fomu, majibu ya uchunguzi wa rekodi zake yakachelewa siku tatu, kisha bastola ikawa yake.

Alikaa nayo siku kumi na tisa. Katika siku hizo aliigusa mfukoni kila dakika, hata watoto wa shule ya Jumapili wakajua kuna kitu. Kazini hakuruhusiwa kuingia nayo. Kanisani mchungaji alikataza silaha. Kwa hiyo ulinzi ule wote ulitumika hasa kwenye njia ya kutoka sebuleni kwenda jikoni.

Siku ya safari ikafika. Msafara wa magari matatu ulitoka Louisville alfajiri, ukasimama Columbus kumchukua Azarias, binamu yake Sylveri, anayeendesha basi la mji kwenye barabara ya Morse na kuishi Northland, nyuma ya duka linalouza unga wa muhogo na samaki wakavu. Azarias ni mtu wa kusoma sheria. Basi lake limempa tabia hiyo.

Walipokuwa wakinywa chai, mkono wa Sylveri ukaenda mfukoni.

"Una nini humo, kaka?" Azarias akauliza.

Sylveri akamwonyesha kwa fahari kidogo. Azarias akaweka kikombe chini.

"Kwenu Kentucky hakuna neno. Hapa Ohio pia hakuna neno. Mbele kuna kipande cha Pennsylvania, hapo ni neno tayari. Na New York bila leseni yao, hiyo ni jela, kaka. Siyo faini. Jela ya miaka. Iache hapa. Nina sanduku la chuma, utalifunga mwenyewe, ufunguo uende nao."

"Sawa," Sylveri akasema.

"Nenda naye uone akiifunga," Angelika akamwambia Azarias.

Azarias akamsindikiza mpaka mlangoni. Sylveri aliingia chumbani, akampa mgongo, akaweka kitu ndani ya sanduku, akafunga, akaonyesha ufunguo. Kitu chenyewe kilikuwa kava. Bastola ilibaki kwenye koti. Baadaye alituambia kwamba aliona aibu mshenga kuvuka majimbo manne bila kinga, na kwamba bila kava suti ilikaa vizuri zaidi. Nimeyaandika kama alivyoyasema, nisije nikaonekana namwonea.

Ukumbi wa Tonawanda ulikuwa wa kanisa, wenye vigae vinavyong'aa. Watu walifika mia moja na ishirini. Upande wa binti, katika kiti cha mbele, alikaa bibi yake, Nyirabeza, mwanamke mrefu mkavu aliyetokea milima ya Minembwe. Msemaji wao, Mzee Rutayisire, alisimama, akauliza kama desturi inavyotaka:

"Wageni, mmekuja kwa amani?"

"Kwa amani tupu," Sylveri akajibu. "Tumefuata nyayo za ndama wetu, zikatuingiza kwenye zizi lenu."

"Hapa Tonawanda hakuna zizi. Kuna viwanda. Labda ndama wenu aliajiriwa."

Watu wakacheka. Sylveri alikuwa mshenga mzuri, hilo tusimnyime. Alijibu, akajibiwa, akapanda juu, akashuka, akawataja ng'ombe kwa rangi zao hata vijana waliozaliwa Amerika wakatikisa vichwa kwa kukubali. Jasho likamtoka. Akatia mkono mfukoni, akavuta leso kwa madaha ya msemaji anayejua watu wanamtazama, na bastola ikatoka pamoja na leso.

Iligonga kigae, ikateleza, ikasimama kwenye viatu vya Bibi Nyirabeza.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliozoea hawapigi kelele. Kabla sijaelewa nimeona nini, nusu ya ukumbi ilikuwa chini ya meza, kina mama wamelala juu ya watoto wao, na mzee mmoja mwenye fimbo alikuwa amekwisha kufika kwenye mlango wa dharura. Watoto waliozaliwa hapa ndio pekee waliobaki wamesimama, wakiuliza kwa Kiingereza kuna nini.

Bibi Nyirabeza aliinama, akaiokota kwa ncha ya kitenge, akaielekeza sakafuni. Akatoa magazini. Kisha, kwa vidole vilivyokamua ng'ombe miaka arobaini, akavuta ile sehemu ya juu kama mtu anayefungua kopo la majani ya chai, na risasi ikamdondokea mapajani. Akachungulia ndani. Akapanga vitu vitatu kwenye sahani iliyokuwa na sambusa.

"Unajua kuitoa masasi?" akamwuliza Sylveri.

"Ndiyo, Bibi. Ila hiyo ni ngumu kidogo kuvuta."

Bibi alimtazama. "Mimi niko na miaka makumi saba na mbili."

Sylveri, aliyekuwa na la kusema juu ya ng'ombe wote wa Burundi, akainama kuokota leso yake.

"Kule kwetu," Bibi akaendelea, sauti chini, na ukumbi wote ukamsikia, "kuna vijana walikuja na zao kutuchunga. Kuna bengine walikuja na zao kutuua. Zote zilikuwa zinalia sauti moja. Sasa wewe unakuja kuniomba mujukuu, unaniletea ya tatu."

Mzee Rutayisire alisubiri watu watoke chini ya meza, wajipanguse. Akakohoa.

"Wageni wetu," akasema, "tuliwauliza kama mmekuja kwa amani. Tunaomba ruhusa kuuliza upya."

Azarias ndiye aliyesimama kujibu, na Sylveri akakaa. Ilichukua saa tatu na ng'ombe mmoja wa ziada, wa kuomba radhi. Binti alitolewa. Adriano alikuwa amelowa jasho kuliko mshenga.

Sehemu kubwa ya saa hizo Sylveri hakuwepo. Alikuwa kwenye ofisi ya kanisa na mkewe, ambaye alimwuliza swali moja tu, "Kwenye sanduku uliweka nini?" na alipojibiwa, akageukia ukuta. Mtu mmoja wa kanisa alimpigia mama mmoja mwanasheria anayemfahamu. Yule mama akafika amevaa viatu vya mazoezi, akaeleza kwamba ukisimamishwa nayo barabarani ni jela, lakini sheria inamwachia njia mtu anayeisalimisha mwenyewe, mradi afuate utaratibu. Akapiga simu zake, wakaenda naye kituoni. Askari aliipokea ile bastola, akaandika karatasi, na Sylveri akatia sahihi.

Kurudi Louisville, Angelika aliendesha njia yote. Alianza kuongea naye walipofika Cincinnati, zikiwa zimebaki saa mbili tu za njia.

Jules alipomwuliza kazini sasa atanunua ipi, Sylveri alimwambia akanunue yeye. Jules akasema yeye hawezi, mkewe anakataa.

Tulidhani Bibi Nyirabeza hatamtaja Sylveri tena. Lakini wiki mbili baadaye alimpigia simu, na tangu hapo hupiga kila Jumamosi mchana. Huanza na watoto, hupita kwenye goti lake linalouma, hufika kwenye ng'ombe waliobaki Minembwe, na hana haraka ya kukata. Jumamosi moja alimwuliza alivukaje kwenda Tanzania.

Sylveri akaanza kumweleza habari za mto Malagarasi wa mpakani, na kaka yake Bosco, ambaye hakuvuka. Angelika alikuwa anaosha vyombo. Alifunga bomba ili asikie vizuri, kwa maana katika miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuambiwa kwamba mumewe alikuwa na kaka.