Mfugo Una wa Kuulizwa

Kwetu Handeni mbuzi tulimwita mbuzi, basi. Alijitafutia porini, jioni akarudi mwenyewe. Neno mifugo nililisikia redioni tu, wakitangaza chanjo. Nilipokuja Samad, huku Uarabuni, kumtunza bibi mmoja mzaliwa wa Unguja, asiyeweza tena kutembea, nikamwambia "wanyama wako", alinikatiza.

"Mnyama yuko jangwani, mwanangu. Hawa mifugo. Mfugo una wa kuulizwa."

Wa kuulizwa nilikuwa mimi. Nilicheka. Jeuri yangu naijua.

Ijumaa moja asubuhi, baada ya walima, karamu ya harusi ya jirani, tuliletewa sinia zima la wali uliobaki. Kutupa chakula siwezi, nimekua na njaa. Nikammwagia mbuzi jike aliyekuwa na wana wawili wachanga, nikajiona mwema kweli. Kabla ya adhuhuri tumbo lake lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma, na hakucheua tena.

Wanaume wote walikuwa msikitini. Nilimnywesha mafuta ya ufuta, nikamsugua ubavu, nikamtembeza uani mpaka magoti yakamkunjika. Nililia kwa sauti nikimwomba asinifanyie hivi.

Bibi aliita kupitia dirishani, kutoka kitandani mwake. "Mchinje! Asife mzoga! Yallah, sema bismillahi umchinje!"

"Bibi, mimi mwanamke!"

"Nani kakwambia mwanamke hachinji? Kisu kipo jikoni!"

Nilisimama na woga wangu wa kwetu, ambako hata kuku tulimngoja mwanamume apite njiani ndipo achinjwe. Kuku! Nilikichukua kisu, nikakiweka, nikakirudia. Nilipokata, damu ilitoka polepole. Mguu haukuruka.

Mtoto wa kiume wa bibi alirudi, akasimama mbali, kanzu yake isiguse damu. "Umemuwahi yu hai?"

Ningesema ndiyo, angeliwa, na kosa langu lingeishia matumboni mwa watu. Nilitamani mno kusema ndiyo.

"Sijui," nikasema.

"Khalas. Haliki huyo."

Bibi alisikia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aligeukia ukutani, akalia kama mtu aliyefiwa.

Nilimfunga mbuzi kamba miguuni, nikamburura peke yangu mpaka kwenye bonde kavu nyuma ya mitende. Wanawe walikuwa wanalia bandani. Njia nzima maziwa yalimtoka chuchuni.