Ulimi wa Habibo na Jino Lililokufa

Funda moja la maziwa ya ngamia lilimtosha Habibo. Angekuambia mtungi umefukizwa kwa mti gani, na kama mwenye ngamia ametia maji. Wauza maziwa wenzake katika soko la Galbet hawakupokea mtungi kabla ya ulimi wake kupita.

Kisha taya lake la kushoto likavimba. Mwaka wa kwanza uvimbe ulikuwa kama kokwa ya tende. Wa tatu, kama ndimu. Mjomba wake alimchoma shavuni kwa kijiti cha moto, mara tatu, kama wafanyavyo wachungaji. Alama zikabaki, na uvimbe nao ukabaki. Haukumuuma. Kilichomuuma ni neno la Kaltun, mwenziwe wa meza moja: “Hiyo ni saratani, walaal, dada yangu. Watakata taya, na ulimi utafuata.”

Daktari Kowsar wa hospitalini aligonga meno ya Habibo moja moja. Moja lilikuwa jeusi, halisikii hata baridi. Akabonyeza ufizi chini yake, mfupa ukabonyea kama ganda la yai.

“Eeddo, shangazi yangu, nani alikuchoma?”

“Mjomba. Ana mkono mwepesi.”

“Mwepesi kweli, lakini alichoma mlango, na mwizi yuko chumbani.”

Habibo akacheka mpaka shela ikamteleza. Picha ya eksirei ilionyesha shimo chini ya mzizi wa lile jino lililokufa. Sindano ikavuta maji ya manjano.

“Dalili njema,” Kowsar akasema. “Nadhani ni mfuko wa maji tu. Nitautoa, kipande kiende maabara, ndipo tutajua.”

“Na ulimi?”

“Ulimi wako siugusi.”

Siku ya upasuaji alipigwa ganzi, naye akasoma moyoni Ayatul Kursi, aya ya kuomba kinga. Jino likang'olewa, ufizi ukafunguliwa, mfuko ukatoka mzima, mfupa ukakwanguliwa, akashonwa. Kwa wiki mbili alikunywa uji upande wa kulia, akihesabu swala hadi swala.

Jibu la maabara likaja: si saratani. Alhamdulillahi. Habibo hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja sokoni, buibui likipepea, kama msichana aliyeitwa harusini.

Kaltun alimtazama shavu, akamimina kikombe cha maziwa. Habibo akavuta funda, akalipitisha kulia, akalipitisha kushoto, polepole.

“Mtungi mmefukiza vizuri,” akasema. “Lakini, Kaltun, haya yana maji.”

Kaltun akajifuta macho kwa ncha ya shela.

“Kidogo tu. Wewe si ulikuwa hospitali?”