Tumbaku ya Pipa kwenye Sinia la Posa

Wiki iliyopita nilikuwa Ruaruke, barazani kwa mkulima wa mpunga aliyekuwa akipokea posa ya bintiye. Mshenga alifunua sinia. Tambuu ilikuwapo, popoo na chokaa pia, ila penye tumbaku palikuwa na sigara nene za Kimarekani, za majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa. Mchumba huwapikia wazungu wawindaji, nao walimzawadia.

Mzee, baba wa binti, alikata kipande cha sigara, akakikunja ndani ya tambuu, akatafuna. "Tamu hii. Wameitia nini?"

"Hiyo si ya gulioni Kibiti, mzee wangu," mshenga alijigamba. "Wenzetu huivundika ndani ya mapipa ya pombe kali mpaka ikolee."

Mzee alitema kiganjani. Akalifunika sinia, akalisukuma kwa mshenga. "Mmenilisha pombe mbele ya wanangu. Mwambieni atafute kwingine."

"Kijana hakukusudia, mzee."

"Na wewe je?"

Ndani, msichana aliyekuwa akicheka na shangazi zake alichungulia mlangoni.

Tunaambiwa soko huria litatuletea vitu bora. Njiani tukirudi nilimwuliza mshenga kama tumbaku ya kawaida ilikosekana.

"Mama wa kijana alishaikausha," alisema. "Tuliona haya kuileta."