Chatu wa Ukurasa wa Tatu

Tangu afunge duka, fundi saa mstaafu huamka na kuandika maisha yake, awaachie wajukuu. Huibana jichoni ile lenzi yake ya kutengenezea saa, kana kwamba ndani ya daftari kuna skrubu iliyolegea, na kila akimaliza sentensi huipuliza kuitoa vumbi. Shida ni mkewe. Mama huyo alifundisha darasa la nne miaka thelathini, na kalamu yake nyekundu haijastaafu. Chatu wa ukurasa wa tatu, ambaye fundi alipambana naye peke yake ujanani, alianza na urefu wa futi ishirini; jana alibaki na saba, na pembeni pameandikwa: "Ulikuwa mkanda wako wa suruali. Rudia."

Leo fundi amechoka kusahihishwa. Ameandika ukweli mtupu: jinsi mwalimu mmoja msichana alivyomletea saa ileile ya ukutani mara nne kwa mwezi mmoja, na jinsi yeye alivyoifungua kila mara akaikuta nzima kabisa, ila betri imegeuzwa makusudi. Anamsogezea mkewe daftari, anakunja mikono, anasubiri.

Mkewe anasoma. Kalamu nyekundu inabaki hewani. Anasoma tena, kisha anatupa jicho mlangoni.

"Baba, na hii nayo wajukuu wataisoma?"

"Si ndiyo urithi wao?"

Anaifunika kalamu na kumrudishia daftari taratibu.

"Basi hapa, mume wangu, weka chatu."